Tayamamu Nyuma ya Goli

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, ambaye amenisitiri kwa miaka sabini na kitu, na siku moja tu akaona kuna faida nikiachwa wazi mbele ya uwanja mzima. Namshukuru kwa yote mawili. Nasema hivi leo; siku yenyewe nilitamani ardhi ya Makutupora ipasuke initie ndani na kanzu yangu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Kolo, na kwa mapenzi ya Mungu ni mlezi wa timu ya mpira ya vijana wetu. Timu hii ilifungwa misimu miwili mfululizo, mpaka watoto wadogo wakawa wanaigiza barabarani jinsi mabeki wetu wanavyoanguka. Na kadiri walivyofungwa ndivyo walivyozidi kwenda kwa waganga: mara waruke ukuta wasipite getini, mara wapake viatu mafuta yanayonuka hata mbuzi wanasogea pembeni. Nahodha wao, Jumanne (fundi pikipiki, nilimfundisha alifu mimi mwenyewe na alikuwa mzito kweli kweli), aliponiomba niwe mlezi nilimpa sharti moja: dawa ziishe zote, na badala yake waamke alfajiri wakimbie kuupanda mlima wenye michoro ya kale na kuushuka.

"Tukifungwa je, ustadhi?"

"Mtafungwa mkiwa na pumzi."

Hawakufungwa. Ndugu zangu, nimefundisha vijana maisha yangu yote na sijaona subira kama ile. Nikitoka kuswali alfajiri nawakuta tayari wako nusu ya mlima, wanahema kama maksai wa jembe, hakuna anayelalamika, na yule Saidi golikipa, ambaye zamani mpira ulikuwa unampita kama mgeni asiyebisha hodi, akadaka siku hizo mpaka mikono ikachubuka. Wakashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikawa ugenini Makutupora, na atakayeshinda ndiye atakayekwenda kucheza Dodoma mjini.

Tulikodi Coaster, tukafika tumechelewa, mechi ikaanza saa kumi. Nikaketi nyuma ya goli la wenyeji ili nione mabao kwa karibu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijaswali alasiri. (Na mngeniuliza: wewe ni msafiri, kwa nini hukuziunganisha adhuhuri na alasiri njiani? Swali zuri. Ruhusa niliyopewa na Mungu niliiacha, nikajipa ile ambayo sikupewa.) Bomba lilikuwa upande wa pili wa uwanja, naliona, watu wanakunywa. Nikainuka niende kutawadha, na wakati huohuo tukapata kona. Sasa mtu unaendaje bombani timu yako ikiwa na kona? Nikajiambia goti langu linauma, njia ni ndefu, vumbi safi lipo, nitayamamu tu. Yaani nitumie udongo badala ya maji, jambo lililoruhusiwa kwa asiye na maji. Mimi maji nilikuwa nayatazama.

Basi nikainama nyuma ya lile goli, nikapiga viganja kwenye vumbi jekundu, nikavipuliza, nikapaka uso. Nikapiga mara ya pili, nikavipuliza tena vumbi likapeperuka kuelekea nyavuni, na kabla sijafika kwenye viwiko kona ikapigwa, Jumanne akaruka, kichwa, mpira ukapita katikati ya miguu ya golikipa wao. Bao!

Golikipa huyo, kijana mrefu aitwaye Yona, akageuka kuufuata mpira, akanikuta mimi: mzee, kanzu nyeupe, uso mwekundu wa vumbi, mikono imeinuliwa.

"Refa! Refa weee! Babu wa watu ananipulizia dawa!"

Uwanja wote ukahamia kwangu. "Mzee mzima!" "Na kanzu juu!" "Ndiyo maana wanashinda, kumbe kiwanda chenyewe hiki hapa!" Refa akafika anahema, akaniomba kwa adabu nitoe vilivyomo mfukoni, nami nikatoa tasbihi, tangawizi ya koo, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka juu hadi chini. Hapo hata mimi nilijionea huruma.

"Hii ni nini, mzee wangu?"

"Majina ya vijana wangu. Nawaombea dua."

"Wote husema dua," akasema Yona.

Akajitokeza mama mmoja muuza zabibu, beseni kichwani, ambaye kumbe ni Mrangi mwenzangu aliyeolewa huko, wanamwita Mama Zuhura. "Leteni nisome. Hiki ni Kiswahili tu kimevaa Kiarabu." Akasoma kwa sauti ya sokoni, na mimi sikuwa na njia ya kumzuia: "Jumanne, ee Mola mpunguzie hasira, na umpe akili ya kutoa pasi. Saidi, asitoke golini ovyo. Hamisi, mbio anazo, mwelekeo hana. Bakari, Mola unamjua mwenyewe."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Vijana wangu walikuwa wanatazama viatu vyao. Bakari akauliza polepole, "Ustadhi, mimi hata kasoro yangu haina jina?"

Nikadhani yameisha. Mama Zuhura akawaeleza na habari ya tayamamu, kwamba si uchawi, ni ibada, ni kwa mtu aliyekosa maji. Refa akaanza kurudi katikati. Na hapo Yona akanyoosha kidole.

"Aliyekosa maji? Bomba si lile pale?"

Jumanne akanitazama. Hukumu ile nilimfundisha akiwa na miaka tisa, na alipoikosea nilimrudisha aisome mara kumi. Akauliza, taratibu, kama anayetaka nimsaidie: "Ustadhi, labda hukuliona?"

Ilikuwa rahisi kusema sikuliona. Macho ya mzee, nani angebisha? Lakini niliwatazama vijana wale kumi na mmoja walioacha dawa kwa neno langu tu, nikaona kwamba nikidanganya kidogo hapo wataondoka na swali moja vichwani: kama babu amesema uongo kuhusu bomba, je, kuhusu dawa? Ule mlima wote, zile alfajiri zote, wangemkabidhi mganga ambaye hayupo.

"Nililiona," nikasema. "Nilikuwa mvivu. Niliogopa kupitwa na kona."

Sijawahi kuchekwa namna ile, na nimeoa mara mbili. Refa mwenyewe aligeuka akajifanya anafunga kamba za kiatu. Lakini Makutupora hawakuridhika, bao wanalikataa, wengine wanasema mechi ivunjwe. Ndipo Jumanne, yule ninayemwombea apunguziwe hasira, akamwendea refa na kusema kwa utulivu: "Lifute, refa. Tutafunga jingine. Na babu yetu mtamweka mtakapo."

Lifute! Bao halali, la kichwa, ugenini! Nilitaka kupiga kelele, ila sikuwa na uso wa kupigia, na refa akalifuta.

Wakanisindikiza bombani, kundi zima la Makutupora, mmoja akanifungulia maji na mwingine akanishikia viatu. "Tawadha, babu, tawadha, maji ni ya bure!" Nikaswali vizuri kabisa, na wao wakanisubiri kwa heshima. Kisha wakaniweka ndani ya Coaster, iliyokuwa imeegeshwa inatazama mashamba ya mizabibu, Mama Zuhura mlangoni kama askari. Nikiinua shingo tu: "Kaa, babu. Kula zabibu."

Nikala zabibu na kusikiliza. Kelele ya kwanza ilikuwa ya wenyeji, moyo ukashuka. Muda ukapita. Ya pili ilikuwa fupi, ya watu wachache: zile ni sauti zetu. Na mwisho kabisa, ya tatu, sauti hizohizo chache zikipasuka kama wamepagawa. Mbili kwa moja. Sikuona hata bao moja.

Yona ndiye aliyefika wa kwanza kwenye gari, jasho linamtiririka. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Vijana wako wana mapafu."

"Marahaba, mwanangu. Wamezaliwa nayo."

"Hapana," akasema Jumanne nyuma yake, akijifuta shingo. "Tumeyatafuta mlimani."

Alikuwa ananisahihisha mwalimu wake, na alikuwa sawa. Nilifurahi kusahihishwa kuliko nilivyofurahia ushindi.

Tangu siku hiyo sijakaa nyuma ya goli la mtu yeyote, na nikiona maji nayafuata hata kama kuna penalti. Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akusitiri pale sitara inapokufaa, akufunue pale kufunuliwa kunakufaa zaidi, na akujalie vijana watakaoshinda ukiwa hupo.