Nilifuta Nyimbo za Marehemu Nikijiandaa na Mtihani wa Kompyuta

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana majirani zangu wengi wapo kwenye ukurasa huu. Hata majina nitakayotaja nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Bunda. Hapa Mwanza nimepanga chumba Igogo na ninafanya kazi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye steshenari. Kompyuta nilikuwa naijua kwa kuchapa tu. Ikigoma tunaita fundi. Mwaka jana bosi akaniambia, "Ukipata cheti cha mifumo ya kompyuta, kazi za ufundi nitakuachia wewe." Nikajiunga na darasa la wanaoanza kabisa, la kujiandaa na mtihani wa mifumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoendesha vitu vyote ndani ya kompyuta.

Tatizo sikuwa na kompyuta ya kufanyia mazoezi. Mwenye nyumba wangu, nimwite Mama Neema, aliposikia aliingia ndani akatoka na laptop imeviringishwa kwenye kitenge. Ilikuwa ya Neema, mwanae wa pekee, aliyekuwa anasomea ualimu. Ugonjwa wa selimundu ulimchukua miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka ishirini na mbili. Mimi sikuwahi kumwona.

"Jifunzie, mwanangu," akaniambia. "Ila humo ndani kuna nyimbo alizokuwa anajirekodi. Simu yake ilishaharibika, zimebaki hizo tu. Sasa hivi moyo wangu hauwezi kumsikia. Siku ukifaulu tutamshukuru Mungu, halafu utanifungulia."

Nilimuahidi. Kila nilipoiwasha picha ya Neema ilitokea mbele, anatabasamu, na mimi nilikuwa naisalimia kimoyomoyo. Folda ya nyimbo zake niliiona lakini sikuifungua. Niliona ni haki ya mama yake kuanza.

Jumamosi moja mchana nilikuwa na zoezi la kuweka mfumo mpya kuanzia mwanzo. Mwalimu alishatuonya tuhifadhi nakala kwanza. Nikachomeka flashi, nikanakili alama zote nilizoziona kwenye kioo, ikiwemo ya nyimbo. Majina yote yakatokea kwenye flashi, nikaridhika. Kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina uhakika nataka kufuta diski nzima. Swali nililielewa vizuri, nisijitetee kwa hilo. Nikabonyeza ndiyo.

Mfumo mpya ulipowaka nilifurahi kama mtoto. Nikafungua flashi nirudishe vitu vya Neema. Kila alama ilikuwa na kamshale kadogo pembeni, na kila niliyobonyeza iliniambia kitu hicho hakipo. Nilichonakili kilikuwa vibao vya kuonyesha njia tu. Nyumba yenyewe nilikuwa nimeibomoa.

Niliipeleka laptop kwa fundi mmoja mjini. Akakaa nayo siku mbili, akapata kipande kimoja cha sekunde nne. Akanivalisha spika za masikioni. Nikasikia msichana anakohoa kidogo, akasema, "Ngoja, sijaanza." Kikakatika hapo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Tangu siku ile sina amani. Mteja akisema tu "ngoja" pale kazini, naacha kuchapa. Fundi alinishauri, "Dada, mwambie diski ilikufa yenyewe. Hawezi kujua." Lakini mimi nitajua.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Kompyuta ikiwaka inatoa mlio, na Mama Neema akiusikia anaacha vyombo anakuja kusimama mlangoni kwangu, mikono imelowa. Siku moja akauliza, "Mbona picha yake haitokei?" Nikamjibu, "Nimebadilisha ya mbele tu, mama. Vitu vyake viko ndani." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kuosha vyombo. Nilijiona mwizi.

Mtihani niliufanya mwezi uliopita. Kulikuwa na swali linalouliza ufanye nini kabla ya kufuta diski. Jibu lilikuwa kuhakikisha nakala zako zinafunguka. Nililipata, nikalia palepale hadi msimamizi akaniuliza kama naumwa. Majibu yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Bosi alinipa mkono. Mama Neema alipiga vigelegele, kisha akakaa chini akasema, "Sasa moyo wangu uko tayari."

Amewaita dada zake wawili kutoka Ukerewe. Amewaambia wanakwaya aliokuwa akiimba nao Neema, na kanisani wamekubali kumpa spika. Wote watakusanyika Jumamosi kumsikiliza Neema.

Juzi nilijikaza. Tulikuwa tunachambua mchele pamoja, nikasema, "Mama, kuna jambo kuhusu ile kompyuta."

"Najua imezeeka," akasema, hata kichwa hakuinua. "Lakini imenitunzia mwanangu."

Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Najua wapo watakaonitukana, nimestahili. Ila ninyi mliowahi kuzika mtoto ndio nawasubiri zaidi. Ingekuwa ni wewe, ungetaka nije nikuambie ukweli mkiwa wawili, kabla wageni hawajafika? Au ungeona heri uambiwe mashine ilikufa, usimchukie mtu unayekaa naye nyumba moja? Na hizo sekunde nne nimpe, au nitakuwa namfanya afiwe mara ya pili? Nielekezeni, ndugu zangu, hata namna ya kulianza hilo neno la kwanza. Leo ni Alhamisi, na dada zake wanavuka na kivuko kesho.