Mbeba maziwa wa Kivu anayetafuta pa kuogelea

Saa nne kasoro robo asubuhi, Beata Mukantwari anasimamisha pikipiki kwenye mteremko wa Nyamasheke na kulitazama Ziwa Kivu kama mtu anayechagua kitenge dukani. Nyuma yamefungwa makopo mawili ya maziwa, matupu. Kati yake na makopo amebanwa Xaverina Nyirabukeye, mfugaji wa miaka sitini na mmoja, kamshika kiuno kwa mikono yote miwili. Mimi nawafuata kwa pikipiki nyingine.

"Si pale?" Xaverina anaonyesha ghuba yenye matete.

"Pale kuna kichocho, mama. Penye matete na maji yaliyotuama, mimi sitii hata kidole."

"Na pale kwenye mitumbwi?"

"Nyavu za dagaa wa sambaza. Nikinasa mguu watanipeleka sokoni na samaki wao."

Xaverina anacheka, kisha anakumbuka kwamba hakuja kucheka. Amekuja kumchunguza.

Beata, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mcunda: anakusanya maziwa kwa wafugaji na kuyafikisha kituoni. Kwa miaka sita amekuwa akishika nafasi za wenzake. Mmoja akiugua, mwingine akivunjika mguu, anaitwa yeye, popote kati ya Rusizi na Rubavu. Anabeba lita tisini kwa siku na kulipwa faranga ishirini na tano kwa kila lita. Maziwa yakishapokelewa, anatafuta maji ya kuogelea. Kila baada ya wiki chache kijiji kingine, na ufukwe mwingine.

Alizaliwa kisiwa cha Nkombo, ambako anasema alijua kuogelea kabla ya kujua kuhesabu. Ugenini hawaulizi wavuvi. Anauliza wachunga ng'ombe, maana huku ng'ombe huogeleshwa hadi visiwa vidogo kwenda kula majani.

"Mvuvi atakuonyesha palipo na samaki," anasema. "Mchungaji atakuonyesha ng'ombe anapoingilia na anapotokea. Ng'ombe mwenye mimba akipita salama, na mimi napita. Ila kibonde ambacho mbuzi wanakikwepa, na mimi nakikwepa. Hewa yake si nzuri, gesi ya ardhini hutuama humo na kuua."

Balaa lilianza wiki tatu zilizopita. Maporomoko ya udongo yalifunga barabara, jua likawa kali, na makopo yalikuwa yamejaa. Beata alifunga vifuniko barabara, akayashusha makopo ziwani, shingo zake zikabaki juu ya maji, ili maziwa yasiharibike, kisha akaingia kuogelea akisubiri njia ifunguliwe. Juu kilimani alikuwa amesimama Xaverina.

Kufikia jioni, kilima kizima kilikuwa na habari: mcunda mgeni anatia ziwa kwenye maziwa. Mimi mwenyewe hunywa maziwa ya kituo hicho, na nakiri kwamba wiki ile niliyaona mepesi. Nikaaibika baadaye, maana kipimo cha kituo kilikuwa kimeonyesha maziwa safi kabisa.

Wafugaji hawakutaka kusikia habari za kipimo. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mcunda wa kudumu wa hapa, mzee Gakwerere, ambaye Beata anamshikia nafasi, anastaafu kwa sababu ya mgongo, na nafasi yake ingekuwa ya Beata kama wafugaji wangekubali. Beata aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote.

"Miaka sita nalala nyumba za watu," ananiambia. "Nimechoka kuuliza choo kiko wapi."

Wakaamua Xaverina apande naye pikipiki siku tano, kuanzia zizi la kwanza hadi kituoni, kisha aseme alichokiona. Leo ni siku ya tano, na mkutano wa wafugaji wa kuamua ni kesho.

Chini ya mteremko wanamkuta mchungaji amejiegemeza kwenye fimbo.

"Uwe na ng'ombe wengi!" Beata anamsalimu.

"Na wote wawe majike!" anajibu. "Mnatafuta nini, wapita njia?"

"Pa kuogelea."

"Huyo bibi naye?"

"Koma!" Xaverina anafoka. "Mimi ni askari."

Mchungaji anawaonyesha mwamba mpana, na ng'ombe wake wawili bado wanachuruzika maji. Beata anaingia na kaptula na fulana, anapiga mbizi, anaibukia mbali. Xaverina anakaa kwenye mwamba na makopo. Dakika kumi zinapita kabla hajapaza sauti.

"Haya maji yanataka nini kwako wewe?"

"Hayataki kitu kwangu, mama! Ndiyo maana nayapenda."

Xaverina anavua viatu polepole na kutumbukiza miguu.

"Kumbe yana uvuguvugu," anasema, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa. "Miaka yote hii nalitazama ziwa nikiwa juu." Ananigeukia. "Siku ile nilipoona makopo majini, sikushuka kuuliza. Nilipanda kusema."

Jumamosi, wafugaji thelathini na zaidi walijazana kituoni. Beata alikaa nyuma, mikono magotini, macho chini. Sijawahi kumwona mdogo vile.

"Ulikuwa naye siku tano. Sema," aliagiza mwenyekiti.

Xaverina alisimama. "Naapa kwa aliyenipa ng'ombe, maziwa ya huyu mwanamke hayajaingia hata tone la maji. Makopo yaliwekwa ziwani yakiwa yamefungwa. Mwongo nilikuwa mimi."

Huku, kumtaja aliyekupa ng'ombe ni kiapo kizito, hakitaniwi. Mtu mmoja akasema, "Basi tumpe kazi, tukakamue," na mikono ikainuka yote. Wakaweka sharti moja tu: makopo yasiguse ziwa tena, yawe yamejaa au matupu. Beata alilia bila kujificha.

Anaanza Jumatatu, na ameshapata chumba cha kupanga. Anataka kabla ya mvua kubwa awe amevuka hadi kisiwa kidogo wanakolishia ng'ombe, kwenda na kurudi, jambo ambalo mpita njia wa wiki chache hapati nafasi ya kulifanya.

"Na makopo utamwachia nani?" nilimuuliza.

Xaverina alimwahi kujibu.

"Nitayalinda mimi. Nitaketi juu ya vifuniko, yeye aende zake akaogelee, halafu tuone nani atafungua mdomo."