R ya Loice Yatikisa Skuli Mpya Nakawa

Saa tatu asubuhi, Loice Khisa yuko juu ya ngazi, brashi mkononi. Herufi zake zimekaa vizuri ukutani, nyeusi ti, mtu anazisoma akiwa barabarani: CHUMBA CHA KURA.

"Mama Rangi," anaita Koplo Opio wa polisi, mzazi aliyekuja kupanga mabenchi. "Humu tutamchagua nani?"

Kura! Neno lililopewa likizo ndefu tangu wanajeshi washike nchi. Na afisa wa jeshi yuko njiani kuja kufungua skuli.

Kosa lilianzia masikioni. Mwalimu mkuu, Sserunkuma, ni Mganda. Kwake rangi ni "langi" na barua ni "balua". Wiki nzima Loice amekuwa akimsahihishia kimyakimya. Jana mwalimu akasema "chumba cha kula", naye, mjuzi wa watu, akasahihisha: kura.

"Mala hii nilisema sawa!" analalamika mwalimu.

"Sasa Mwalimu, si ungenionya kwamba safari hii umepatia!"

Loice, mzaliwa wa Bungoma, Kenya, alianza kwa kuandika majina ya maduka Nakasero, katikati ya mji. Maduka yakafungwa, kazi ikakauka. Lakini Nakawa inachipuka: juzi kichaka, jana nyumba, leo skuli, na watoto wa polisi na wa wachuuzi wanaijaza kabla bati halijapigiliwa misumari. Skuli ya Ntinda, mtaa jirani, nayo inamsubiri, afisa akiridhika. Asiporidhika, hakuna anayetaka kukisia.

Rangi nyeupe ya kufutia haipatikani mji mzima. Nyeusi imebaki tope chini ya kopo.

"Kufuta siwezi," Loice anajisemea. "Kuongeza je?"

Anakwangua kopo, anapanda tena. Gari la jeshi linapoingia getini, ukuta unasema: CHUMBA CHA KURAMBA SAHANI.

Afisa anasoma polepole, midomo ikicheza. Mwalimu amefumba macho.

"Nani ameandika?"

"Mimi, Afande."

"Watoto watashiba hapa?"

"Mpaka sahani zing'ae, Afande."

Afisa anacheka hadi kofia inamtoka. "Huyu mama aandike na Ntinda!" Wazazi wanapiga vigelegele, Opio anapiga benchi kama ngoma.

Jumatatu Loice anahamia Ntinda. Anataka mwandiko wake uwe kwenye kila skuli ya mji, Naguru hadi Luzira.

"Ila vyumba vya kula," anasema akisugua brashi kwa mafuta ya taa, "waandike wenyewe."