Nyumba Niliyoipima kwa Tela

Siku yangu ya kwanza kazini, chef charroi hakuniuliza kama najua kuendesha. Chef charroi ni msimamizi wa magari yote ya kampuni: anajua kila tairi limefungwa lini na kila dereva anadanganya vipi. Wetu pale Bujumbura alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye funguo nyingi kiunoni. Ulimsikia kabla hujamwona. Alitazama leseni yangu mbele na nyuma, akaniuliza:

"Kijana, unalala wapi?"

"Kizuka, Patron. Juu ya Rumonge."

"Gari inafika huko?"

"Hapana. Njia ni ya baiskeli."

"Basi hulali Kizuka. Kizuka utakuwa unaenda kusalimia tu."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Ninyi mnaoshika usukani leo mjue kwamba mimi niliingia udereva kwa makosa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kiti changu, kikombe changu, na kujua kilichoivishwa kabla hakijapakuliwa. Nilipomaliza sekondari nilitafuta kazi ya kukaa. Mtu akaniambia iko kazi ambayo unakaa kutwa. Hakusema uongo.

Tulipakia saruji upande wa Kigoma, tukavuka mpaka pale Mugina, tukashuka Nyanza-Lac, kisha tukafuata ziwa kupitia Rumonge na Minago hadi Bujumbura. Gari lilikuwa la vipande viwili: kichwa, penye injini na kabini, na tela, ambalo wengi kwetu huliita remorque. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na kitanda chembamba. Ukigeuka juu yake bila kufikiri, unaamkia kwenye pedali.

Kwa hiyo kila dereva alitafuta kile tulichokiita nyumba ya nusu: mahali pa kulala siku ambazo barabara imekuachia. Wengine walipanga chumba karibu na pa kupakia, wengine mpakani. Mwenzangu Ramadhani alipanga kote. Alikuwa na funguo tatu shingoni, sabuni Kigoma, taulo Mugina, soksi Bujumbura, na miguu yake daima mahali pengine.

Sheria ya chef charroi ilikuwa moja: gari lilale pale dereva atakaposikia mlango wake ukifunguliwa. Hivyo nikifika Rumonge nililala kwenye kabini kando ya barabara, nyumbani nikipaona kwa macho kule mlimani. Mchana nilipanda Kizuka, nikala, nikasifu mawese ya mke wangu, nikashuka. Hata chakula hakikupata muda wa kutulia tumboni.

Siku moja binti yetu Hadija, akiwa bado mdogo, alinisindikiza mpaka kwenye migazi, ile michikichi yetu ya mawese, akaniuliza kwa adabu zote:

"Baba, sasa unarudi kwako?"

Kwako. Alikuwa na maana ya gari. Mutoto alijua watu wana nyumba, na baba yake ana kabini. Nilishuka mlima ule. Nikaapa kwamba kabla mtoto huyu hajaanza shule nitapata nyumba ambayo sote tutaiita kwetu.

Nikaanza kutafuta kiwanja, na hapo ndipo udereva uliponiponza. Watu wengine huangalia maji, kivuli, majirani. Mimi nilitembea na kamba yenye urefu wa gari zima. Viwanja vizuri nilivikataa kwa sababu kona ya kuingilia ilikuwa kali. Kimoja chenye mwembe na kisima nilikikataa kwa sababu hakikuwa na mteremko, na betri ikichoka gari linahitaji mteremko ili liwake kwa kusukumwa. Mwishowe nikapata kimoja kando ya lami, pale Rumonge. Nikachora ramani chini kwa majivu, kisha nikamwita Mama Hadija aje kuona akili ya mumewe.

Alizunguka michoro yangu mikono kiunoni.

"Hii duara kubwa ni nini? Ni saluni ya kupokelea wageni?"

"Ni pa kugeuzia gari."

"Na hii?"

"Chumba chetu."

"Baba Hadija, hii ni chumba ao ni benchi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimekipima chumba chetu kwa upana wa kitanda cha kabini. Mkono ulikuwa umezoea.

"Na jikoni iko wapi?"

Nikatafuta kwenye majivu kama mtu aliyepoteza sindano. Jikoni haikuwepo. Nilikuwa nimejenga gereji, nikaweka familia kama tairi la akiba.

"Sikia," akasema. "Miye na mutoto hatushuki Kizuka kuja kuishi na remorque. Gari yako ipite hapa kando ya ua, iingie kinyumenyume. Kwingine kote ni kwangu. Ukiweza, tunashuka. Ukishindwa, utaendelea kuja kusalimia."

Neno lilelile la chef charroi! Sijui walikutana wapi.

Sasa lazima nikiri jambo. Miaka yote hiyo nilikuwa dereva wa kwenda mbele. Kurudi nyuma na tela nilimwachia Ramadhani, nikijifanya mgongo unauma. Ukitaka mkia wa tela uende kulia, unakata usukani kushoto. Ukizidisha kidogo, kichwa na tela vinakunjana kama miguu ya panzi. Mimi mikono yangu ilikuwa haitaki kusikia habari hizo.

Nikaenda kwa chef charroi, nikamweleza yote, hata majivu. Alicheka mpaka funguo zikalia. Kisha akapanga mapipa matupu uani, na kila nilipofika Bujumbura alinitia kati yake. Niliyagonga mapipa yale hata yakabadilika umbo.

"Usione haya," aliniambia. "Ukiona limepinda, simama, songa mbele, nyoosha, anza tena. Kuna watu wamefukuzwa kwa kugonga ukuta. Kwa kusonga mbele, sijamwona hata mmoja."

Siku niliyoleta gari kiwanjani ilikuwa asubuhi ya soko. Mama Hadija alikuwa ameshapanga mafiga yake matatu mahali alipotaka jikoni, hatua mbili tu kutoka njia yangu, na juu yake sufuria ya maharage inachemka. Amekaa pembeni na Hadija. Wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliacha mabeseni yao. Ramadhani alipanda juu ya ukuta wa jirani, akatangaza:

"Watu wa Rumonge, leo munakula maharage ya kusagwa na matairi!"

Nikaingiza gia ya nyuma. Tela likaanza vizuri, likanyooka, kisha likaanza kuyafuata mafiga kana kwamba limesikia harufu. Nikasimama. Nikasonga mbele.

"Anakimbia!" wakapiga kelele. "Anarudi Kigoma!"

Nikanyoosha. Nikaanza tena, jasho likinidondoka mpaka kwenye viatu, jicho kwenye kioo cha kushoto, ambamo niliona mafiga, sufuria na vidole vya miguu vya mke wangu, ambaye hakuvisogeza hata kidogo. Matairi yakapita. Mfuniko wa sufuria ukatikisika, ukatulia. Gari lote likawa ndani, limenyooka kando ya ua kama mstari wa daftari.

Kelele zilizopigwa zilifika ziwani. Mama Hadija aliinuka, akaonja maharage, akasema, "Chumvi imepungua." Kwa wasiomjua, huo ni wimbo wa ushindi. Na Hadija akaja kugonga mlango wa kabini:

"Baba, shuka. Kwetu iko tayari chakula."

Nyumba tuliijenga kuyazunguka mafiga yale. Nililala humo kila barabara iliponiruhusu, mpaka siku niliyorudisha funguo za gari. Chef charroi wa sasa ni mwanamke mwenye kompyuta. Alijaza karatasi zangu za kustaafu, akaniuliza anuani bila kuinua macho:

"Mzee, unalala wapi?"

Nikamwambia Rumonge, nyumbani, na nikamwomba aandike kwa herufi kubwa.

Siku hizi ile njia ya gari Mama Hadija anaanikia ndagala. Asubuhi naweka kiti changu hapo, nashika kikombe changu, natazama malori yakipita kwenye lami bila mimi. Jana alikuja na beseni lake.

"Wewe muzee, umepaki vibaya."

Nikakishika kiti, nikarudi kinyumenyume, polepole, hadi kwenye ua. Sikugusa hata ndagala mmoja.