Makopo ya Rukaya

Mke wangu Rukaya aliuza vitumbua hapa Zinga, barabarani, miaka mingi. Ukimwuliza kama ni vya leo, hakujibu. Alikipasua kimoja mbele yako, akakuachia ule. Ndivyo alivyokuwa.

Kisha magoti yakamwuma, jiko likamshinda. Wakaja watu wa kampuni, wamevaa vizuri, na unga wa majani kwenye makopo. Unapita nyumba kwa nyumba unauza. Ukiingiza mtu chini yako, unapata zaidi. Wa kwanza kumwingiza alikuwa shoga yake Dija, jirani yetu. Walikaa barazani kwangu, mimi napasua kuni. Rukaya akamwambia unga ule unaondoa presha. Aliambiwa hivyo, akaamini. Hata yeye alikuwa anakunywa.

Presha ya Dija haikuondoka. Aliacha vidonge vya zahanati, akaanguka akiteka maji. Na alikuwa ameshawauzia wakwe zake wa Msata, hawamtaki tena mlangoni. Kampuni haikutaka kurudishiwa makopo. Kabla yeye na Dija hawajapatana, Rukaya akafa.

Makaburini nilisimama, kama ilivyo desturi, nikasema mwenye lolote na marehemu aje kwangu, au amsamehe. Watu wakaitikia, tumemsamehe. Shuaibu, mume wa Dija, akatazama chini.

Toka hapo sikai. Nikiketi, nainuka. Chakula nakionja, nakiacha. Nafagia uwanja nilioufagia asubuhi. Makopo yako chini ya kitanda, upande wake. Arobaini inakaribia, na kwa Dija kimya.

Nikaenda. Nikamkuta anakuna nazi.

"Shemeji, unazunguka mtaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaa."

"Sikai. Msamehe mwenzio."

"Nimsamehe mdomoni, na moyoni je?" Akaacha kukuna. "Alikuja bwana wa serikali ofisi ya kata, wa kuwatetea walaji. Akasema sheria ipo. Mtu hauzi kitu kwa uongo kwamba kinaponya. Na biashara ya kuingizana tu, huyu chini ya yule, imekatazwa. Nikainuka niseme yangu. Akaniuliza, risiti iko wapi? Watu wakacheka. Nani anamwomba shoga yake risiti? Ningemwomba Rukaya, angeninunia mwaka mzima!"

"Angekununia kweli."

Tukacheka kidogo. Kisha akarudi kwenye nazi yake.

"Akasema kama risiti hakuna, nilete aliyeshuhudia. Alhamisi anarudi. Aliyeshuhudia ni wewe, shemeji."

"Nikamtaje marehemu mbele za watu?"

"Basi nimtaje mimi peke yangu, nionekane namsengenya maiti?"

Nikaondoka.

Alhamisi nilitoka, nikarudi, nikatoka tena. Makopo nimeyatia kwenye kapu lake la vitumbua. Dija alikuwa ameshafika ofisi ya kata. Yule bwana ni kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nani alimwuzia mama huyu?"

Baraza zima linanitazama.

"Rukaya binti Mikidadi. Mke wangu. Nilimsikia akisema unaondoa presha."

Mtu nyuma akaguna. Nikaweka kapu mezani.

"Na yeye aliuziwa. Haya ndiyo yake. Akayanywa."

Akauliza waliomwuzia. Nikawataja. Majina nayajua, walikunywa chai kwangu. Akaandika, akasema watafuatwa. Lini, hakusema.

Kurudi, Dija alitangulia. Nikafuata nyuma na kapu tupu. Akaipita nyumba yake, akaingia uwanjani kwangu, moja kwa moja jikoni.

"Mbuzi ya Rukaya ya kukunia iko wapi?"

"Ya nini?"

"Arobaini utawalisha watu wali mkavu?" Akaiona pembeni, akaipangusa vumbi kwa kanga yake. Akakaa juu yake, akanipa mgongo. "Nimemsamehe, shemeji. Mdomoni na moyoni. Sasa kaa chini, unanizungusha kichwa."

Nikakaa.

Kisha nikainuka, nikaenda kutafuta nazi.