Baraza Iliyozunguka Chumba Changu

Chumba changu kilitokeza mbele ya nyumba kama droo iliyosahauliwa wazi. Baba alikiongeza nilipokuwa msichana mkubwa, kwa matofali mabichi ya udongo, halafu akakipiga lipu ya saruji kwa nje ili kifanane na sehemu nyingine za nyumba, zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma. Kule mtaani kwetu Nyakabanda wengi walifanya hivyo. Mgeni hakuweza kujua tofauti, na baada ya miaka michache hata baba mwenyewe alijisahaulisha.

Alikuwa dereva wa malori. Vita vilipofunga njia ya malori ya mpakani Gatuna mwaka 1990 alibaki nyumbani bila kazi, akitutafutia makosa mimi na mama kuanzia uji wa asubuhi. Kwa hiyo familia ya mchumba wangu ilipoomba siku ya gusaba, yaani kuja kuniposa rasmi, alifurahi kuliko mimi. Mbele ya nyumba palikuwa na mteremko mtupu. Wageni wangekaa wapi? Akaamua kujenga baraza ya mbao juu ya nguzo, izunguke chumba changu pande zote tatu.

Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya kila boriti. Nilimwambia asimamishe nguzo kandokando ya chumba, baraza ijisimamie yenyewe, ibaki nafasi ya kidole kati ya mbao na ukuta. Lakini nguzo za mikaratusi zilikuwa zimemwishia, na kupata nyingine ilikuwa kazi, barabara zimejaa vizuizi vya askari. Akatoboa ukuta chini ya dirisha langu, akaifunga boriti hapo kwa bolti. Kwenye tundu ulitoka udongo mwekundu, mlaini kama unga. Sote wawili tuliuona.

"Hii ukuta iko nguvu," akasema. "Mi nimepeleka lori mpaka Mombasa. Weye shika tu."

Nikashika, nimenuna. Sikio la kufa halisikii dawa, na la baba lilikuwa limeziba tangu lori lake lisimame.

Siku yenyewe wageni walifika mapema ili warudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Wote walipandishwa barazani, upande wao kulia, upande wetu kushoto, na kreti za bia zikapangwa chini ya dirisha langu, pale pale kwenye ile boriti. Mimi nilikuwa ndani ya chumba na shangazi, dada yake baba, nimeshavikwa na kupakwa mafuta. Desturi yetu ni kwamba msichana hatoki mpaka atolewe kwa kauli. Na mgeni akishaketi haondolewi kitini kabla ya jibu. Ukimwinua, umemnyima mke. Jibu lenyewe halitoki haraka. Msemaji wetu, jirani aliyependa kusikilizwa, alianza kwa kuapa kwamba nyumba hii haina msichana, na watu wakacheka.

Ndipo nikaona ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha, mwembamba, ukashuka. Kila walipocheka na kusogeza viti, vumbi lilinimwagikia mapajani.

"Shangazi, tutoke."

"Ceceka. Leo weye hauna mdomo," akanong'ona. "Ukitoka sasa watasema umejipeleka."

Nje, msemaji alikuwa amefika kwenye uongo wa pili: msichana yupo, ila ameamua kuwa mtawa. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Ufa ukafika sakafuni, nikaona mwanga wa nje ukipenya. Niliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Yaani nife kwa ubishi wa baba, tena nimependeza?

Baba alikuwa ameketi karibu na dirisha, mgongo wake ningeweza kuugusa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, ukuta unafunguka."

Hakugeuka. Nilidhani atakohoa tu, kama kawaida yake. Akashusha mkono pembeni ya kiti, akapapasa lipu, na vidole vyake vikazama. Akasimama. Katika gusaba baba mzazi hasemi, anasemewa. Yeye akamkatiza jirani katikati ya maneno.

"Msichana iko, na nimewapa," akawaambia wageni. "Sina neno ingine. Sasa mushuke wote, polepole, sababu kazi yangu ni mbaya."

Hakuna aliyecheka. Msemaji wao, mzee mwenye hotuba ndefu ambayo hakuwa ameianza, alimtazama baba, akautazama ukuta, akainuka, na wenzake wakamfuata. Baba hakushuka nao. Alibaki akizirusha kreti uani, chupa zikipasuka, huku akimpigia kelele shangazi anitoe kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ndiyo kwanza ameruka chini, boriti ikachomoka. Ukuta wa dirisha uliporomoka wote, nusu nje, nusu juu ya kiti nilichokuwa nimekalia.

Wenzangu waliombwa mchana kutwa, kwa mizaha na kunyimwa kwa uongo mpaka jua likainama, ili ionekane kwamba kwao hawataki kuwaachia. Mimi nilitolewa kwa sentensi moja. Nilisimama uani nikilia, vumbi kichwani, mama wa mchumba wangu akinifuta uso kwa kitambaa chake, na nilijua kwamba hakuna msichana wa mtaa wetu aliyewahi kupendwa na baba yake waziwazi namna ile.