Zafarani Kwenye Jini

Wiki iliyopita wazungu walinipigia makofi kwa kitu ambacho hadi sasa kinaninyima usingizi.

Mimi ni Swabir, mzaliwa wa Msambweni. Nachanganya vinywaji kwenye baa ya hoteli moja hapa Diani. Nyumbani nimesema natengeneza sharubati.

Mamangu hupika marashi ya waridi mwenyewe, ya kunyunyizia watu harusini na kwenye maulidi. Mwaka jana nilimwomba chupa, nikatia matone kwenye pombe ya jini na ndimu. Wageni wakapagawa.

Bosi wangu Judy, mtu wa bara, akaniambia, "Swabir, hii kitu ni moto. Usituangushe."

Basi kila mwezi naenda kwa mama kuchukua chupa. Akinipa, hupiga bismillahi na kuniombea riziki ya halali. Mimi naitikia amina, macho chini, nafsi yanisuta.

Wiki iliyopita nilifika nikamkosa, amekwenda matangani. Pale shubakani yanapokaa marashi palikuwa na chupa moja tu, ile ile ya siku zote, ila maji yake ya manjano. Nikainusa. Waridi, na zafarani ndani yake.

Nikasema, bi mkubwa leo kaniongezea madoido. Nikaitia mkobani.

Jioni ile baa ilichangamka balaa. Kinywaji kinang'aa kama dhahabu, wageni wanapiga picha, wanaagiza tena. Nikamimina hadi chupa ikakauka.

Asubuhi nikampigia mama, nikampa shikamoo, nikamwambia nimeichukua ile chupa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ushayanywa?"

Kunywa tena? Nikamuuliza kwani ni maji gani.

"Kombe, baba. Maalim Ishak ndiye aliyeandika. Nikalitia chupani ulibebe vizuri."



Watu wa pwani mshaelewa. Kwa msiojua, kombe ni aya za Qur'ani. Huandikwa sahanini kwa zafarani na marashi ya waridi, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Tangu utotoni nilijua kombe la sahani. La chupa sikuwahi kuliona.

Maneno ya Mungu, nimeyatia kwenye jini. Na watu wakanipigia makofi.

Nikamuuliza nani mgonjwa. Moyoni nilikuwa nawaza presha yake.

"Ni wewe, mwanangu. Dadako Hadiya alikuona baani. Sikutaka kukufedhehesha. Nikasema nikuombee, Mungu akutoe huko taratibu."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa hivyo umelinywa?" akauliza tena.

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kuwa mtu. Nikaichezea.

"Nimelinywa mama. Lote."

Akalia kwa furaha. Nilimsikia akimwita Hadiya, amwambie nduguye amelinywa.

Tangu siku ile kila kukicha ananipigia, ananiuliza kwa upole kama najisikia tofauti. Najisikia, wallahi, lakini siyo anavyodhani yeye. Judy naye ananitumia ujumbe, anataka ile ya manjano irudi.

Haya naandika nikiwa kibarazani kwa mama. Yuko ndani anaswali adhuhuri, akimaliza nitamwambia yote.

Ndugu zangu, ukimficha mzazi usidhani umemfumba macho. Huenda anakuona, kaamua kunyamaza akuombee. Na uongo wa pili ndio mchungu, kwa sababu wa kwanza alikuwa ameshakusamehe.

Anatoa salamu sasa. Niombeeni.